Sura ya Tano: Kadi ya Maji

Walikuwa wametoka kumzika Mwenyekiti asubuhi ile, na udongo wa makaburini ulikuwa bado umegandia viatu vya watu wa wizarani. Inspekta aliufuata kwa macho kwenye zulia la chumba cha kamati, ukavuka chini ya meza ndefu, ukaishia ukutani palipotundikwa ubao wa chuma. Juu ya ubao zilinata kadi sita zenye sumaku, zimejipanga safu moja: Maji, Gesi, Jotoardhi, Upepo, Jua, Makaa.

"Hii ndiyo foleni yenyewe?" aliuliza.

"Ndiyo hiyo," alijibu Katibu wa kamati, mama wa makamo aliyekuwa bado amejifunga kanga ya msibani juu ya gauni la kazini. "Tukigombana humu ndani mwaka mzima, tunagombania hiyo. Kadi iliyotangulia ndiyo inajengewa mitambo ya umeme kwanza. Iliyo nyuma inangoja mpaka wajukuu wetu waote mvi."

"Na kesho Waziri anaisoma bungeni."

"Kesho asubuhi."

Inspekta aliisogelea foleni, mikono nyuma, kama mama anayekagua madaftari ya watoto. Chumba kilikuwa kimefungwa kwa kufuli la polisi tangu Jumatano alfajiri, mwili wa Mwenyekiti ulipokutwa chini ya ngazi za ghorofa ya tatu, shingo imevunjika. Mtu huteleza, ngazi ni ngazi. Lakini kola ya shati ilikuwa imechanika na vifungo viwili vimeng'oka, na hakuna anayejichania kola wakati anaanguka.

"Jumanne jioni wewe ndiye uliyetoka humu wa mwisho, ukamwacha yeye peke yake."

"Mimi. Nilimwacha amekaa pale pale, anasubiri simu."

"Kadi zilikuwa hivi?"

Katibu alifungua mdomo kujibu, akautazama ubao, akaufumba. Alisogea hatua moja mbele.

"Hapana," alisema polepole. "Hapana, dada. Maji hayakuwa mbele. Mwenyekiti aliyatoa pale mbele ya macho yangu akayabandika nyuma kabisa, nyuma ya Makaa. Nikamwambia, Mzee wa Bwawa akiona kadi yake iko mkiani atapasuka. Akasema, kesho nitampa sababu mwenyewe, leo usimwambie mtu."

"Mbona hukunieleza jana?"

"Jana mliniuliza habari za ngazi na habari za mlinzi. Nani aliniuliza habari za kadi?"

Inspekta hakubisha. Kosa lilikuwa lake.

"Inaruhusiwa kusogeza kadi hivyo, mtu peke yake?"

"Hairuhusiwi hata kidogo. Kila kadi ina mwenyewe, yule mtaalamu wa chanzo hicho. Hatuigusi mpaka mwenyewe awe amekaa humu, na anayeisogeza atoe sababu kwa sauti, wote wasikie. Ndiyo desturi yetu tangu kamati ianze. Mwenyekiti aliivunja usiku ule, mara ya kwanza na ya mwisho."

Simu ya Inspekta ililia. Ilikuwa sauti ya Mkuu wake, na ilikuwa na chakula ndani yake.

"Mama, rudi kituoni. Mlinzi anapelekwa mahakamani leo hii, kwa mauaji."

"Afande, nipe muda kidogo."

"Wa nini? Simu ya marehemu tumeikuta mfukoni mwa mlinzi. Ulitaka tuikute wapi, kwenye sahani yake?"

"Aliyemsukuma Mwenyekiti alipanda tena huku juu akarudisha kadi ya Maji mbele. Mlinzi wa getini atajali vipi Maji yametangulia au Jua?"

"Kadi! Nimekutuma upeleleze, wewe unacheza karata." Mkuu alimeza. "Nisikilize. Waziri hataki kusimama bungeni huku kifo cha Mwenyekiti wake hakijapata wa kushtakiwa. Nikimaliza kula namtia kijana kwenye gari. Na mimi si mtu wa kula haraka, hiyo ndiyo bahati yako."

Akakata.

Inspekta alimjua mlinzi huyo kwa mahojiano ya jana. Kijana mrefu, mkimya, amekonda kama ufito. Alipoulizwa kama simu aliiokota au aliiiba, alifikiri sana kisha akajibu: "Niliiokota kwenye ngazi, mama, kabla sijauona mwili. Halafu nikaiweka mfukoni, ikawa nimeiiba." Mtu anayeungama wizi kwa mpangilio ule si rahisi awe mwongo wa mauaji. Lakini mahakamani hilo halina uzito wa unyoya. Na kosa la mauaji, katika nchi ile, mwisho wake ni kitanzi.

Koridoni alikutana na mtaalamu wa Makaa, bwana mfupi mwenye kikohozi, ambaye kila mtu wizarani alisema alikuwa hapatani na Mwenyekiti. Walitukanana hadharani wiki iliyopita. Inspekta alimzuia pale pale mlangoni mwa choo.

"Inasemekana ulimwambia Mwenyekiti utamzika."

"Nilimwambia hivyo, na leo nimemzika. Mwenye mdomo mchafu ni mimi." Alikohoa. "Kuna jingine?"

"Jumanne jioni kuna mtu amehamisha kadi ubaoni."

"Ipi?"

"Ya Maji. Imetolewa mkiani, imepelekwa mbele."

Bwana Makaa alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Dada yangu, kila mtu huvutia kamba kwake. Mimi niko mkiani tangu watoto wangu wako chekechea. Ningekuwa nimepata nafasi ya kubaki na ule ubao peke yangu, ningemsogeza nani mbele, mimi au jirani?"

Inspekta alimpisha aende zake chooni. Lilikuwa jibu la mchoyo, na mchoyo anapozungumzia choyo chake husema kweli.

Mhandisi wa Maji alikuwa ofisini kwake, mwisho wa koridoni, dirisha limefunikwa kwa pazia zito. Watu walimwita Mzee wa Bwawa. Juu ya meza, pale ambapo wengine huweka picha za watoto, palikuwa na sanamu ya plasta ya bwawa: ukuta mweupe kati ya vilima viwili, na nyuma yake maji yaliyopakwa rangi ya buluu. Bwawa hilo lilikuwa halijajengwa. Lilikuwa limeongoza foleni kwa miaka mingi, likingoja fedha, na bonde lake lilikuwa limekwisha kuhamwa na watu.

"Karibu, binti," alisema. Sauti ilikuwa ya mtu asiyelala. "Umekuja na wewe kunipa pole? Nimezipokea nyingi leo, sina pa kuziweka."

"Pole, mzee. Na nina maswali machache."

"Uliza."

"Jumanne jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nilitoka hapa jua linazama. Mke wangu yuko kwa binti yetu aliyejifungua, kwa hiyo nilikuwa peke yangu. Ilikuwa zamu yetu ya mgao, umeme hakuna mtaa mzima. Nikawasha mshumaa, nikala viporo vya mchana, nikajilaza kitini nikingoja umeme urudi. Majirani hawakuniona, na mimi sikuwaona. Gizani nani humwona nani?"

"Mtaa wenu ndio upi?"

Aliutaja kwa kuonyesha mkono: kule ng'ambo ya reli, nyuma ya hospitali ya zamani.

"Kumbe tuko kanda moja," alisema Inspekta. "Mimi niko hapo chini kwenye nyumba za polisi. Jumanne, zamu yetu, kuanzia magharibi."

"Basi unajua mwenyewe."

Inspekta alitaka kusema ndiyo, neno likakwama. Kitu fulani kilikuwa kinamwasha, kama mwiba uliovunjikia ndani. Aliomba radhi, akatoka koridoni, akampigia binti yake mkubwa.

"Jumanne, umeme ulikatika?"

"Mama! Umesahau vurugu uliyotufanyia?" Binti alianza kucheka. "Umetukimbiza kama kuku, pigeni pasi sare kabla ya magharibi, chemsheni maji, chajini taa! Baba akala ugali mbichi kwa ajili yako. Halafu tukakaa tunausubiri umeme ukatike mpaka tukalala. Haukukatika hata dakika moja."

"Mbona nimesahau?"

"Umeme ukikatika tunalaani wiki nzima. Usipokatika nani anakumbuka?"

Inspekta alikata simu bila kuaga, akapiga chumba cha udhibiti, kule ambako umeme wa nchi nzima unaelekezwa uende wapi. Mkuu wa zamu alisita mpaka alipotajiwa neno kitanzi.

"Lilikuwa jaribio," alisema hatimaye. "Mwenyekiti aliniomba tuzime mitambo yote ya maji, yote kabisa, saa zile watu wanapotumia umeme mwingi. Tuiendeshe nchi kwa gesi, jotoardhi na upepo tu, na mgao tuufute usiku ule ili jaribio lisiwe la kudanganyana. Tulijua wawili, mimi na yeye. Alisema likivuja, kuna watakaolivuruga."

"Likawaje?"

"Tulifaulu. Hakuna taa iliyozimika. Nilimpigia nimpe habari njema. Simu ikaita, ikaita. Nikadhani amepitiwa na usingizi."

Inspekta alirudi ofisini akakuta Mhandisi hajasogea, kidole chake kikipapasa ukingo wa ukuta wa plasta. Alivuta kiti, akakaa karibu kuliko mwanzo.

"Mzee, Jumanne mtaani kwetu umeme haukukatika."

"Ilikuwa zamu yetu."

"Ilikuwa. Mgao ulifutwa. Wewe ndiye unayepima maji mabwawani, kwa vipimo vyako ndipo zamu zinapangwa. Unaujua mgao kama unavyojua jina lako, ndiyo maana hukuona haja ya kuuliza. Ulifika nyumbani usiku, ukakuta taa zinawaka, ukasema moyoni, umeme umesharudi. Giza lako na mshumaa wako umevitoa kwenye ratiba."

Mhandisi aliondoa kidole kwenye sanamu.

"Nani aliufuta?"

"Mwenyekiti. Alizima maji yote."

"Maji yote?"

"Mitambo yote ya maji nchini. Saa zile zote za matumizi makubwa, na taa za nchi zikaendelea kuwaka. Alikuwa kwenye chumba cha kamati anasubiri simu ya matokeo, ndipo ulipomkuta."

Nje, mtu alikuwa anaburuta viti vya msibani vilivyoazimwa wizarani, na mlio wake ulikuwa kama wa meno yanayosagwa.

"Na mimi sikujua," alisema. "Maji yamezimwa, na mimi sikujua."

"Hukujua."

"Hata taa haikupepesa."

"Haikupepesa, mzee."

Alicheka kidogo, kicheko kisicho na upepo. Kisha uso wake ukajifunga tena. "Sawa. Sikuwa nyumbani. Mzee mzima anaweza kuwa na pa kwenda jioni, mke hayupo. Hiyo si kuua mtu."

"Ulirudisha kadi."

"Kadi inaweza kurudishwa na yeyote."

"Na nani? Gesi anafaidika Maji yakiwa mkiani. Jotoardhi vilevile. Kati yenu nyote sita, anayeweza kupanda tena ngazi zile, na mwenzake amelala chini, akaja kuirudisha kadi ya Maji mahali pake, ni mmoja tu."

Inspekta alisubiri. Alikuwa amelea watoto wanne, na alijua kimya kipi kinaomba kusukumwa na kipi kinaomba kuachwa.

"Umewahi kumfukua baba yako?" mzee aliuliza.

"Hapana."

"Mimi nimemfukua. Bonde lile ni kwetu. Watu waligoma kuhama kwa sababu ya makaburi, serikali ikanituma mimi, mtoto wao, nikaseme nao. Wakaniambia, anza wewe. Nikaanza mimi. Nikambeba baba kwenye sanduku la misumari, nikamzika juu kwenye kokoto ambako hata muhogo hauoti. Ndipo wakanifuata, nyumba moja baada ya nyingine. Wazee wengine hawakumaliza mwaka. Niliwaahidi bwawa. Niliwaambia, mtaona taa, watoto wenu watasoma kwa taa, hawa wazee hawatakuwa wamehamishwa bure." Alifuta mdomo kwa kiganja. "Halafu mtu anachukua kadi kwa vidole viwili anaibandika mkiani. Ananiambia, mto umekufa, rafiki yangu, tukubali. Rafiki yangu!"

"Mlikuwa wapi alipokwambia hivyo?"

Mzee alishtuka, kama mtu aliyejikuta ukingoni mwa shimo. Alirudi nyuma.

"Sijasema tulikuwa popote."

"Mzee."

"Nikisema, kesho Waziri atalifuta bwawa. Nani atajenga bwawa lenye damu? Usiponiandika, kamati haina Mwenyekiti, haiwezi kukaa, atasoma foleni kama ilivyo ubaoni. Maji ya kwanza. Wewe una watoto, unajua. Mtu akishatoa kikubwa namna ile, hawezi kukubali kilikuwa cha bure."

"Na mlinzi?"

"Wamekuta simu tu. Watamwachia."

"Hawamwachii. Mkuu wangu anamalizia kula, kisha anamtia kwenye gari. Kwa mauaji."

"Hawana ushahidi."

"Wana simu, wana ngazi, na wana Waziri mwenye haraka. Wanyonge wangapi wamenyongwa kwa kidogo kuliko hicho? Hebu niambie wewe, uliyekaa serikalini maisha yako yote."

Mhandisi aliiondoa mikono mezani. Aliificha chini ya meza.

"Jana nilimuuliza kazi alipewa na nani," Inspekta aliendelea. "Akasema, mzee wetu mmoja wizarani. Walinzi, wafagizi, mpishi wa kantini, wote wa bondeni, wote umewaingiza wewe. Kwa hiyo unamjua. Unamjua na mama yake."

"Mama yake nimecheza naye utotoni."

"Basi nieleze nikamwambie nini. Nimwambie ulimhamisha, ukamtoa shambani, ukampa mwanawe kazi ya kukesha getini, na sasa umemwacha akanyongwe, yote kwa ajili yake?"

Mzee aliitazama ile buluu ya plasta. Inspekta naye aliitazama, akagundua kwamba fundi aliyeitengeneza hakuweka nyumba hata moja, kana kwamba bonde halikuwahi kuwa na mtu.

"Nilimshika kola," Mhandisi alisema. "Pale juu ya ngazi. Nilitaka arudi ndani, airudishe kadi kwa mkono wake. Akajivuta. Na mimi nikachoka kumshika, nikamsukuma. Sitakudanganya kwamba aliteleza. Nilimsukuma."

"Halafu?"

"Nikasikia simu yake inaita mahali kwenye giza la ngazi. Sikwenda kuitafuta. Nilirudi kwenye ubao."

Inspekta aliinuka, akampigia Mkuu, akamwambia maneno machache na kumwacha anafoka. Kisha alimwambia mzee achukue koti, nje kuna manyunyu.

Mpaka wanafika kituoni, habari ilikuwa imewatangulia. Katibu alipiga simu huku analia: Waziri ameamuru kadi ya Maji iondolewe kabisa, kesho atasoma vyanzo vitano. Sanamu ya plasta imeshatolewa ofisini, haijulikani imepelekwa wapi. Inspekta alisikiliza, akasema asante. Mhandisi, aliyekuwa ameketi kwenye benchi la koridoni na Koplo kando yake, aliusoma uso wa Inspekta, akainamisha kichwa.

Mlango wa mahabusu ulifunguliwa. Mlinzi alitoka ameshika viatu mkononi, kwa kuwa kamba walikuwa wamezichukua. Macho yalimuuma kwa mwanga.

"Kesi ya mauaji imefutwa," Inspekta alimwambia. "Ya simu ipo. Utarudi Jumatatu, na usinifanye nikutafute."

"Nitarudi, mama."

Akaanza kwenda, ndipo akamwona mzee. Alisimama. Akaangalia pingu, akamwangalia Koplo, akaangalia pingu tena. Hakuna aliyemweleza, na hakuhitaji kuelezwa.

Mhandisi aliinua kichwa. "Mwanangu," alisema. "Nilifanya kwa ajili yenu."

Kijana aliweka viatu sakafuni. Alivaa kimoja, akavaa na cha pili, taratibu, kama mtu aliye na siku nzima mbele yake.

"Siku ile ulipokuja kutuhamisha," alisema, "mama alikaa mlangoni akakwambia, mimi sitaki taa, mimi nataka hapa. Mimi nilikuwepo. Ulimjibu nini, mzee?"

Mhandisi alifungua mdomo. Alikuwa anakumbuka, Inspekta aliona usoni mwake kwamba anakumbuka neno kwa neno.

"Ulimjibu nini?"

Kijana alingoja bado, kwa heshima, mikono ameikutanisha mbele kama mtoto anayesubiri mkubwa amalize kufikiri. Inspekta naye alingoja. Kisha akamwashiria Koplo, na mzee akainuliwa kwa kwapa, akapitishwa mlango ule ule kijana aliotokea.